Injini Inayokula Mafuta na Kumisi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Swali la mfano

Hiace ya petroli yenye silinda nne na mfumo wa injekta hubeba abiria kati ya njia panda ya Usagara na Sengerema. Dereva analalamika kwamba gari linakula mafuta, linatoa moshi mweusi na injini inamisi. Plagi zilipofunguliwa, tatu zilikuwa na masizi kidogo makavu, lakini ya silinda ya tatu ilikuwa imelowa petroli.

(a) Eleza asili ya moshi mweusi.
(b) Taja hatua za kutafuta chanzo.
(c) Toa tahadhari mbili.

Maelezo

Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, huhitaji hewa kilo 14.7 hivi. Hewa ikiwa pungufu ya hapo, mafuta yamezidi. Mfano: injini ikivuta hewa kilo 2.2 na petroli kilo 0.2, uwiano ni 2.2 ÷ 0.2 = 11, yaani 11:1. Petroli iliyohitajika ni 2.2 ÷ 14.7 = kilo 0.15; kilo 0.05 imezidi.

Oksijeni isipotosha, haidrokaboni haiungui kikamilifu. Badala ya kaboni dayoksaidi hutoka kaboni monoksaidi na masizi:

2C₈H₁₈ + 17O₂ → 16CO + 18H₂O

Masizi ndiyo moshi mweusi. Yakiganda kwenye plagi, umeme hupita juu yake badala ya kuruka kama cheche, na silinda hukosa mlipuko. Hapo ndipo fundi husema injini "inamisi".

Hesabu plagi zilizoathirika

*Zote nyeusi na kavu:* chanzo kinahusu silinda zote. Kwenye kabureta, chunguza choki iliyokwama, boya bovu na chujio la hewa lililojaa vumbi. Kwenye injekta, chunguza presha ya mafuta, sensa ya hewa, na sensa ya joto inayoonyesha baridi wakati injini imekwisha kupata moto.

*Moja imelowa:* chanzo kiko kwenye silinda hiyo. Chunguza plagi, waya, koili, injekta inayovuja, kisha mgandamizo.

Mtego wa swali hili

Mafuta mengi husababisha kumisi, lakini kumisi nako huweza kuongeza mafuta. Silinda isiyopata cheche hutoa hewa yake bila kuungua. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huikuta oksijeni hiyo na kuiarifu kompyuta ya injini kwamba mafuta ni machache. Kompyuta huongeza petroli, na silinda nzima nazo huanza kupata masizi. Anayebadilisha sensa hiyo amemtoza dereva fedha na kuacha ugonjwa palepale.

Jibu

(a) Petroli imezidi hewa, hivyo haiungui yote na kaboni hutoka kama masizi.

(b) Zima injini. Hamishia koili ya silinda ya tatu kwenye silinda ya pili, na ya pili kwenye ya tatu, kisha washa. Kumisi kukihamia silinda ya pili, koili ni mbovu. Kukibaki, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Kukibaki tena, pima injekta, kisha mgandamizo.

(c) Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na huua. Usiguse waya wa plagi injini ikiunguruma.

Makosa ya watahiniwa

1. Kuandika "badilisha plagi" bila kueleza kipimo kilichoonyesha kwamba ni mbovu.

2. Kulaumu mwinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa pwani huzidisha mafuta kidogo ikifika huku. Lakini kompyuta ya injekta hujirekebisha yenyewe, na mwinuko haulowanishi plagi moja ukaacha tatu.

Zoezi

Pikapu ya kabureta inayopita barabara ya vumbi ina plagi zote nne nyeusi na kavu. Taja vitu viwili utakavyochunguza kwanza, na utoe sababu kwa kila kimoja.