Simba Mwene: Cheo cha kifalme kilichotawala ardhi bila kummilikisha mtawala mashamba

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

KABLA ya kuja kwa ofisi za ardhi, hati na ramani, mtu aliyeishi katika milima inayoitazama Korogwe alijua nchi yake ina mwenyewe. Mwenyewe huyo aliitwa Simba Mwene, yaani Mfalme Simba, na makao yake yalikuwa Vugha, milimani upande wa Lushoto.

Chini yake walikuwapo machifu walioitwa mazumbe, wengi wao wakiwa wa ukoo wake wa Wakilindi. Hao ndio waliogawiwa nchi, kila mmoja na mipaka yake, watu wake na ushuru wake.

Historia ya cheo hicho inaanzia mbali kidogo, katika milima ya Nguu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi ilipoundwa Wilaya ya Kilindi mwaka 2002. Huko ndiko alikotokea Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu.

Masimulizi hayo yamehifadhiwa katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mwandishi aliyepata kumtumikia mmoja wa watawala wa ukoo huo. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Mbegha alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo ndugu zake walimnyima urithi. Alihamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa chifu, lakini rafiki huyo akafa mawindoni, naye Mbegha akalazimika kukimbia.

Alipofika Usambara aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia wenyeji nyama. Inaelezwa kuwa alipomuua simba, watu walimpa jina la Simba Mwene. Hivyo basi, mtu aliyenyimwa urithi kwao ndiye aliyeanzisha ukoo uliorithishana nchi nzima.

Mbegha alioa katika koo mbalimbali, na watoto wake wakatawala kwa wajomba zao. Utaratibu huo ulikuwa msingi wa utawala wa Wakilindi: zumbe alikuwa mgeni kwa ukoo wa baba, lakini mwenyeji kwa upande wa mama.

Hata hivyo, ni kosa kuwafananisha mazumbe na mabwana wa Ulaya waliomiliki mashamba na kuwatoza wakulima kodi ya pango. Kwa maneno ya heshima nchi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme, lakini shamba lililolimwa lilikuwa mali ya ukoo uliolifyeka, na baba aliwarithisha wanawe. Zumbe alipokea ushuru na kazi za mikono, akaamua kesi. Mfalme naye alitarajiwa kuiponya nchi kwa kuleta mvua. Mvua ikikosekana, heshima yake ilitikisika.

Utawala huo ulifikia kilele chake wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki dunia mwaka 1862. Kwa kuwa aliishi miaka mingi, wanawe walikwisha kushika nchi nyingi. Mrithi wake, Shekulwavu, alikuwa mjukuu tu, na mazumbe aliopaswa kuwaamuru walikuwa baba zake wadogo na wakubwa.

Mmoja wao alikuwa Semboja wa Mazinde, bondeni, katika Wilaya ya Korogwe ya sasa. Mazinde ilikuwa kwenye njia ya misafara ya biashara, na Semboja akapata bunduki nyingi kuliko mfalme wa milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliivamia Vugha na kumweka mwanawe katika kiti cha enzi, mwenyewe akabaki Mazinde. Vita vilivyofuata vilivunja ufalme, na watu wengi walikamatwa na kuuzwa utumwani.

Upande wa Handeni mambo yalikuwa tofauti. Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilikuwa na wakubwa wake.

Mwaka 1895 Semboja alifariki dunia, na mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga mwanawe, Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vugha. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na bonde likajaa mashamba ya mkonge. Hapo ndipo umiliki wa aina nyingine ulipoingia: ardhi kuwa ya mtu mmoja, kwa karatasi, hata kama haishi hapo.

Waingereza waliurudisha ufalme katika miaka ya 1920 kwa mfumo wa kutawala kupitia machifu. Lakini mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, na mwaka huo huo ikafuta umiliki wa ardhi wa kudumu, ukageuzwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Cheo cha zumbe na hati ya mlowezi vilikwisha nguvu kwa pamoja.

Kilichobaki ni shamba la ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila, huku ardhi yote ikiwa ya umma chini ya udhamini wa Rais. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia, lakini haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Suala hilo si la vitabuni tu. Handeni imepokea wakazi wapya katika kijiji cha Msomera tangu mwaka 2022, wakitokea Ngorongoro, na Korogwe mashamba ya mkonge bado yanapakana na vijiji. Kila mpaka unapowekwa, swali la enzi za Wakilindi hurudi: ni nani mwenye kuitawala ardhi, na ni nani mwenye kuilima? Mazumbe, pamoja na ukubwa wao, walijua kuwa hayo ni mambo mawili.