Mzungu Aliyeandika Habari za Pumwani

Wako wazaliwa wa Majengo, Pumwani, wasiojua kwamba mtaa wao uliandikwa riwayani na mama mzaliwa wa Southampton, Uingereza. Marjorie Oludhe Macgoye alikuja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni. Mwaka 1960 aliolewa na tabibu Mjaluo, na mwaka 1964 akawa raia wa Kenya.

Mwaka 1972 alitoa "Murder in Majengo". Lakini kilichomletea sifa ni "Coming to Birth" (1986), kilichopata tuzo ya Sinclair huko Uingereza. Humo Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka garimoshi Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin. Mimba yaharibika. Akitoka hospitali anapotea njia. Akirudi nyumbani anapokewa kwa kipigo.

Je, mgeni aliyajuaje hayo? Huenda ni kwa kuwa naye aliingia mji huu bila kujua njia, kisha akakaa, akaolewa, akazaa.

Bi. Macgoye alifariki Desemba 1, 2015, akiwa na miaka 87. Wana-Pumwani, msiwaachie wanafunzi peke yao kitabu hicho. Ni habari za mama zenu.