Zamu ya Kolivas

Con Kolivas, daktari wa ganzi na usingizi nchini Australia, hakusomea kompyuta darasani. Lugha ya C alijifundisha mwenyewe. Kilichomkera wengi wetu tumekizoea: wimbo unacheza, unafungua dirisha jingine, sauti inaanza kukatakata.

Chanzo kilikuwa ndani kabisa ya mfumo endeshi wa Linux, kwenye sehemu inayogawa zamu za prosesa. Mgawaji wa wakati huo alikuwa akibahatisha: programu ikilala sana, aliidhania inamsubiri mtumiaji, akaipendelea. Akikosea, kompyuta inagoma kuitika. Kolivas alikataa kubahatisha. Mwaka 2007 alitoa mgawaji anayeshusha kila programu ngazi kwa ngazi kadiri inavyomaliza fungu lake, bila upendeleo. Waliomjaribu kwenye mashine zao, wengi walimsifu.

Aprili mwaka huohuo Ingo Molnár, mtunzaji wa sehemu hiyo, alileta wa kwake, CFS. Huyu huhesabu muda ambao kila programu imeshatumia. Ni foleni ya bombani ambapo aliyechota maji kidogo kuliko wote ndiye anayesogeza ndoo. Molnár alitamka wazi kwamba Kolivas ndiye aliyeonyesha kuwa mgao wa haki unawezekana. Hata hivyo, kilichoingia kwenye toleo la Linux 2.6.23, Oktoba 2007, ni CFS. Kolivas alikuwa ameshajiondoa kwenye kazi ya Linux tangu Julai.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza kwamba alimtazama pia mtunzaji: nani atawasikiliza watu wanaoripoti hitilafu? Sababu hiyo naielewa. Anayepokea msimbo hubeba kasoro zake miaka na miaka, hata mwandishi akishaondoka. Lakini mtu aliyeutolea mradi saa zake za mapumziko, baada ya kazi ya hospitali, alistahili kuambiwa hivyo mapema, mambo yakiwa bado yanarekebishika, badala ya kuona wazo lake likiingia kwa mkono wa mwingine. Kukataa ni haki ya mtunzaji. Kueleza ni deni lake.

Mwaka 2009 Kolivas alirudi na mgawaji mpya, BFS, na safari hii hakuomba apokelewe. Alimweka kando, kwa ajili ya wenye kompyuta za mezani na za mapajani, nao wakawa wanambandika wenyewe kwenye Linux zao. Yeye aliendelea kumhudumia, na baadaye mrithi wake MuQSS, hadi mwaka 2021.