Kabla Boksi la Krismasi Halijafungwa

Kila Novemba makanisa, shule na familia za Marekani hukusanya maboksi yenye ukubwa wa boksi la viatu, yaliyojazwa zawadi za watoto walio nchi za mbali. Maboksi hayo huishia kwenye maghala ya shirika la Kikristo la Samaritan's Purse: Boone na Charlotte katika jimbo la North Carolina, na mengine katika maeneo kama Atlanta, Dallas, Denver na Minneapolis. Hapo ndipo watu wa kujitolea wanapohitajika kwa wingi, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Krismasi inapokaribia. Anayefika mara ya kwanza hutarajia kufunga zawadi. Anakuta zimeshafungwa, na kazi anayopewa ni kuzifungua.

Nimeifanya kazi ya forodha na shehena kwa muda mrefu, na ningependa kueleza kwa nini kufungua huko ndiko kunakoamua kama zawadi itamfikia mtoto au itakwama bandarini.

Mpango huu wa maboksi ulianzia Wrexham, nchini Wales, mwaka 1990. Dave na Jill Cooke waliguswa na habari za watoto wa vituo vya yatima vya Romania, zilizoenea baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka. Wakakusanya zawadi, wakazipakia kwenye malori na kuvuka nazo Ulaya. Mwaka 1993 Samaritan's Purse, linaloongozwa na Franklin Graham, liliuchukua mpango huo, na tangu hapo maboksi zaidi ya milioni 200 yamekusanywa. Malori yale ya kwanza yalikuwa na watu waliojua kilichomo. Askari wa mpakani akiuliza, alikuwepo wa kumjibu. Kontena linaloteremshwa Mombasa au Dar es Salaam halina wa kulisemea ila karatasi zake.

Karatasi hizo husema shehena ni zawadi mpya za watoto, zisizo na chakula, dawa wala vimiminika. Afisa wa forodha ana haki ya kufungua boksi lolote alitakalo. Akikuta mfuko wa mbegu za maua, suala linahamia kwa watu wa afya ya mimea. Akikuta vidonge vya kikohozi, linahamia kwa mamlaka ya dawa. Akikuta sweta lililovaliwa, ataanza kujiuliza ni maneno gani mengine kwenye tamko lile yasiyo ya kweli. Nguo za mitumba ni jambo zito katika ukanda wetu: Rwanda ilipandisha ushuru wake mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru katika soko lake. Mama wa Charlotte aliyetia sweta la mwanawe kwa upendo hakuwa na habari ya mvutano huo. Anayekagua mezani ndiye anayemkinga yeye, na anayakinga maelfu ya maboksi mengine yaliyomo katika kontena lile lile, maana kontena likizuiwa huzuiwa lote, na gharama za kukaa bandarini huhesabiwa kila siku.

Joto nalo lina hukumu yake. Ndani ya kontena lililoachwa juani, joto hupita nyuzi 50 za Selsiasi, ilhali chokoleti huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Usiku hewa hupoa na unyevu hugeuka matone chini ya paa la bati. Pipi hulainika na kuwaita sisimizi. Chupa ya losheni hupasuka, na daftari lililokuwa chini yake haliandikiki tena. Ndiyo sababu pipi, dawa ya meno na losheni huondolewa hata zikiwa mpya kabisa. Sabuni ya mche hubaki, ila ni vizuri ifungwe kwenye mfuko wake.

Umri wa mtoto huandikwa juu ya boksi kwa makundi matatu: miaka 2 hadi 4, 5 hadi 9, na 10 hadi 14. Kundi la kwanza ndilo linalodai macho makali. Kanuni za usalama za Marekani hupima vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 kwa kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7; kitu kinachotumbukia humo chote chaweza kumkaba mtoto koo. Gololi hutumbukia, na vichwa vya wanasesere wadogo pia. Kibaya kuliko vyote ni betri bapa zinazofanana na kitufe: mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumuunguza ndani vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Kijijini ambako hospitali iko mbali, saa mbili huishia njiani. Mkaguzi akiwa na shaka, na atoe.

Bastola za plastiki, visu vya kuchezea na wanajeshi wadogo pia hutolewa. Mtoto wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anayezijua bunduki za kweli hahitaji kuelezwa sababu.

Baada ya kuondoa huja kujaza, na hapa sababu ni mbili. Ya kwanza ni hesabu. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo 67 hivi, na boksi moja huchukua karibu lita 8, hivyo maboksi kama 8,000 hulijaza kabla halijakaribia uzito linaoruhusiwa kubeba. Shehena nyepesi kama hii hulipia nafasi, na boksi lililojaa nusu nauli yake ni ya boksi zima. Tena huwa la kwanza kubondwa na yaliyo juu yake. Sababu ya pili naithamini zaidi. Siku ya kugawa, watoto huketi bega kwa bega na kufungua kwa pamoja. Kila mmoja anaona alichopata jirani yake. Kanuni ya ghalani ni kuheshimu alichoweka mtoaji na kuongeza palipopungua, bila kumpunguzia mtoto mmoja ili kumjazia mwingine.

Anayejitolea ajue pia kwamba maboksi mengi hayafiki siku ya Krismasi. Safari ya bahari, forodha, bandari kavu na barabara za bara hula miezi, na ugawaji huendelea mwaka mzima.

Lipo swali wanaloliuliza watu wengi wa kwetu, nami naliona la haki: mchango wa dola 10 unaoombwa kwa kila boksi, pamoja na bei ya vilivyomo, si ungenunua lundo la madaftari Kariakoo, faida ikabaki kwa mwenye duka? Ungenunua. Kwa mahitaji ya shule peke yake, fedha taslimu hufika haraka na kwa gharama ndogo zaidi, na ningependa makanisa yanayofadhili yalitazame hilo. Jingine ni kwamba zawadi hizi hugawiwa kupitia makanisa ya mahali, zikiandamana na kijitabu cha Injili. Katika mitaa yenye waumini wa dini mbalimbali, wazazi waelezwe hayo mapema, kabla mtoto hajakabidhiwa boksi.

Hata hivyo maboksi yapo na yataendelea kuja, na msomaji aliyekulia Goma au Morogoro na sasa anaishi Dallas ana ujuzi unaohitajika sana kwenye meza zile. Kundi linaloandaliwa maboksi machache kuliko yote ni la wavulana wa miaka 10 hadi 14, kwa kuwa watoaji hawajui wawatilie nini. Msomaji huyo anajua: mpira uliotolewa upepo pamoja na pampu yake, mkebe wenye bikari na kipimapembe, ndoano na uzi wa kuvulia, bisibisi, tochi ya kuzungusha kwa mkono isiyotaka betri. Na awaambie wenzake mezani, kabla boksi halijapigwa selotepu, kwamba mpira usio na pampu utabaki bapa kijijini.