Fahamu Namna ya Kuhamisha Nyaraka za Ofisi Kati ya Kompyuta za Mifumo Tofauti

Waraka ulioandaliwa kwenye kompyuta moja na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo endeshi tofauti unaweza kubadilika mwonekano, na wakati mwingine hata taarifa zilizomo, bila mtumaji kufahamu. Barua ya maombi iliyopangwa katika ukurasa mmoja hufika ikiwa na kurasa mbili, sehemu ya sahihi ikiwa imebaki peke yake. Jedwali la bei huvurugika. Tarehe husomeka vingine. Kwa mwananchi anayeomba ajira, zabuni au kibali, dosari ya namna hiyo hugundulika mara nyingi wakati muda wa kuwasilisha maombi umekwisha.

Mifumo endeshi inayotumika zaidi kwenye kompyuta za ofisini ni Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, na Linux, ambayo matoleo yake mengi hupatikana bila kulipia leseni. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha tatizo si mfumo endeshi wenyewe, bali ni programu na fonti zilizomo katika kila kompyuta.

Faili ya Word yenye kiendelezi cha .docx haibebi picha ya ukurasa. Hubeba maneno pamoja na maelekezo ya namna ya kuyapanga, na kompyuta ya mpokeaji ndiyo inayoujenga ukurasa upya. Kwa mfano, fonti ya Calibri, iliyokuwa chaguo la awali la Word tangu toleo la mwaka 2007, kwa kawaida haimo katika kompyuta za Linux. Inapokosekana, programu hutumia fonti nyingine. Iwapo upana wa herufi unatofautiana, mistari hukatika mahali pengine na kurasa huongezeka au kupungua. Ili kupunguza tatizo hilo, zimetengenezwa fonti huria zenye upana uleule: Carlito kwa nafasi ya Calibri, na Liberation Serif kwa nafasi ya Times New Roman.

Jitihada za kuziwezesha programu mbalimbali kusomana zimefikia ngazi ya kimataifa. Muundo wa faili wa OpenDocument, unaotumiwa na programu ya LibreOffice, ulitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na muundo wa Microsoft ukafuata mwaka 2008. Mwezi Julai 2014, Serikali ya Uingereza ilielekeza kuwa nyaraka za kusomwa tu zitolewe kwa muundo wa PDF/A au HTML, na zile za kuhaririwa kwa pamoja ziwe katika OpenDocument. Watumiaji wa Kiswahili nao si wageni katika uwanja huo, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kwa kuzingatia hayo, jambo la kwanza la kuamua kabla ya kutuma waraka ni iwapo mpokeaji atausoma tu au atauhariri. Waraka wa kusomwa, kuchapishwa au kutunzwa uhifadhiwe kama PDF. Muundo huo huhifadhi mpangilio wa ukurasa, na aina yake ya PDF/A hulazimu fonti kubebwa ndani ya faili. Waraka wa kuhaririwa utumwe katika .docx au .odt kwa makubaliano ya pande zote mbili. Ikumbukwe kuwa kubadili kiendelezi katika jina la faili hakubadilishi muundo wake. Ni lazima faili ihifadhiwe upya kwa muundo unaotakiwa ndani ya programu husika.

Kwa upande wa lahajedwali, uangalifu mkubwa unahitajika katika tarehe. Excel huhifadhi tarehe kama idadi ya siku, na matoleo ya zamani ya kompyuta za Macintosh yalianza kuhesabu mwaka 1904 badala ya 1900. Mtu akinakili tarehe kutoka faili ya mfumo wa 1904 kwenda ya 1900, tarehe inaweza kurudi nyuma siku 1,462. Hivyo, 1 Julai 2024 husomeka 30 Juni 2020. Aidha, amri za kujiendesha, maarufu kama makro, zilizoandikwa kwa ajili ya Excel zinaweza kushindwa kufanya kazi katika programu nyingine.

Majina ya faili nayo yana kanuni zake. Windows haikubali alama kama nukta pacha, kiulizi na nyota katika jina, ilhali Linux huhesabu "Ripoti" na "ripoti" kuwa faili mbili tofauti. Ni salama kutumia herufi, tarakimu na vistari pekee. Wanaotumia flashi wafahamu kuwa ile iliyoandaliwa kwa NTFS kwa kawaida husomeka kwenye macOS bila kuruhusu kuandika humo. Muundo wa exFAT hutumika katika matoleo ya sasa ya mifumo yote mitatu.

Wananchi wanashauriwa kutunza nakala halisi ya waraka, kuifungua nakala ya PDF kabla ya kuituma, ikiwezekana kwenye kifaa kingine au kwenye steshenari, na kuhakiki idadi ya kurasa, majedwali, tarehe na jumla za fedha. Ukaguzi huo wa dakika chache ufanyike siku moja au mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa.