Kiwanda Kilikufa, Ukoo Ukabaki

Kwa kawaida bidhaa huzikwa pamoja na kiwanda chake. Pikipiki za Kiingereza zimelikataa kaburi hilo. Vincent ya Stevenage iliacha kuunda pikipiki mwaka 1955. BSA ya Birmingham, kampuni iliyoanza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, iliporomoka mwaka 1973, miaka minne tu baada ya Honda ya Japani kuleta CB750 yenye silinda nne na stata ya umeme. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Lakini wapenzi wa mashine hizo hawakutawanyika kama waombolezaji baada ya matanga. Walibaki, wakawa jamii yenye salamu, misimu na taratibu zake. Wengi hudhani kilichowaweka pamoja ni fahari ya jina au uchu wa mbio. Nasema ni utunzaji. Chombo kinachodai kutunzwa humlazimisha mwenyewe kujifunza, na anayejifunza hana budi kumtafuta anayejua. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Viwanda vilizaa, jamii hii ikalea.

Tazama Triumph Bonneville ya miaka ya 1960 inavyowashwa. Haina kitufe. Mwenyewe hufungua koki ya petroli, kisha hubonyeza kipini kidogo kilicho kwenye kabureta mpaka petroli ifurike na kulowesha ncha ya kidole. Hapo hujua kwamba mashine imeshiba. Huisukuma kiki taratibu kwa mguu mpaka ahisi mgandamizo umekaza, ndipo anapoikanyaga kwa uzito wa mwili mzima. Akiikanyaga vibaya, kiki humrudi na kumpiga mguuni. Gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto, kinyume cha pikipiki za leo. Spana za milimita hazimfai, kwa kuwa nati nyingi za mashine hizi za zamani zilifuata vipimo vya Whitworth, ambavyo asili yake ni mwaka 1841. Usiku huweka trei chini ya injini ili kudaka matone ya oili. Yote haya yameandikwa vitabuni, lakini mgandamizo hauhisiwi kwa kusoma. Mtu husimama kando ya aliyemtangulia, akatazama, akajaribu, akakosea, akarekebishwa. Huo ni uanagenzi, na uanagenzi hauwezekani bila watu wawili.

Ndiyo maana elimu hii ilizaa vyama. Mwaka 1946, viwanda vikiwa bado vinafanya kazi, wapenzi waliunda Vintage Motor Cycle Club ili mashine kuukuu zisiishie kwenye chuma chakavu. Mpaka leo klabu hiyo hutambua pikipiki zilizotimiza miaka 25. Kila mwaka msafara wa Pioneer Run huondoka Epsom kwenda Brighton, ukiwa wa mashine za kabla ya 1915 tu. Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa wenye Vincent. Mwaka 1975, miaka 20 baada ya kiwanda kuacha kuziunda, wanachama wa klabu yao walianzisha kampuni ya kutengeneza spea. Wateja wakageuka kiwanda. Hata salamu ya barabarani inatokana na mikono iliyo kazini: Uingereza huendesha kushoto, wanaopishana hupitana upande wa kulia, na mkono wa kulia umeshika mpini wa mafuta, basi hawapungi, hutikisa kichwa.

Wapo wanaosema pikipiki mpya zenye majina hayo si za Kiingereza tena. Triumph iliyofufuliwa na John Bloor huko Hinckley sasa huunda pikipiki zake nyingi Thailand. Speed 400 yake iliyozinduliwa mwaka 2023 hutengenezwa India na Bajaj, na Norton, jina jingine la zamani la Kiingereza, ni mali ya TVS ya India tangu 2020. Bajaj na TVS ni majina ambayo abiria wa bodaboda Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huyaona kwenye tangi kila siku. Ni kweli, wala sioni aibu ndani yake, kwa sababu damu ya pikipiki hizi haikuwahi kuwa moja. Triumph ilianzishwa na Siegfried Bettmann, Mjerumani wa Nuremberg. Norton iliyoshinda daraja la silinda mbili katika mbio za kwanza za TT kisiwani Man, mwaka 1907, ilibeba injini ya Peugeot ya Ufaransa. Bantam ya BSA, iliyotoka mwaka 1948, ilinakiliwa kutoka DKW ya Ujerumani baada ya vita. Na Royal Enfield Bullet ingekuwa historia tu kama Madras ya India isingeanza kuiunda mwaka 1955. Tukidai ukoo wa kuzaliwa, hakuna itakayosalimika. Tukikubali ukoo wa kulelewa, zote zina kwao.

Pingamizi lingine ni zito zaidi, kwamba mapenzi haya yana historia ya vurugu na vifo. Vijana walioitwa rockers walikusanyika Ace Cafe, London, wakashindania kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, kwenye barabara za watu wote. Mwaka 1964 walipigana na vijana wa kundi hasimu, mods, katika miji ya pwani. Katika mashindano hayo ya barabarani wengine hawakurudi nyumbani kwao, na jambo hilo halifai kupambwa. Lakini jamii hupimwa pia kwa jinsi inavyojirudi. Hata kabla ya mapigano hayo, mwaka 1962, kasisi Bill Shergold aliwafuata hukohuko Ace Cafe na kuwakaribisha kwenye 59 Club, klabu ya vijana ya kanisa. Leo waendeshaji wa kujitolea hupeleka damu na sampuli hospitalini usiku, bila malipo.

Hatari halisi, basi, haiko India wala Thailand. Iko kwenye mashine isiyomhitaji mwenyewe. Bonneville ilipoacha kabureta na kuanza kulishwa petroli kwa kompyuta, vifaa vyake vipya vilifinyangwa vifanane na kabureta za zamani. Sura ilibaki, kazi ikaondoka. Hakuna kipini cha kubonyeza wala kidole cha kulowa. Aliyeinunua hupata safari isiyo na usumbufu, na hiyo ni heri, ila hana tena sababu ya kubisha hodi kwa jirani. Kwa hiyo wapenzi wa pikipiki hizi wasihesabu zimeuzwa ngapi. Wahesabu ni vijana wangapi waliokabidhiwa spana ya Whitworth, na ambao mguu wao unajua wenyewe ni wakati gani wa kuikanyaga kiki.