Kabla ya Kuomba Nafasi ya Kusomea Tiba ya Ndoa na Familia

Kuandika "mshauri wa ndoa" kwenye kibao na kukitundika mlangoni ni kazi ya nusu saa. Kuwa mtaalamu anayetambuliwa na sheria ya Kenya huchukua miaka kadhaa ya masomo, mazoezi na usimamizi. Tofauti hiyo humgusa mkazi kwa njia mbili. Anayetafuta msaada huenda akaikabidhi ndoa yake kwa mtu asiyejua afanyalo. Naye anayetaka kuifanya kazi hii huenda akalipa karo ya miaka miwili kwa kozi isiyomfikisha kwenye usajili.

Walimu wa ushauri nasaha, wauguzi, maafisa wa ustawi wa jamii, wachungaji na maimamu ni miongoni mwa wanaovutiwa na masomo haya, kwa kuwa tayari milango yao hubishwa na wanandoa wenye shida. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe ni ipi, nani hukubaliwa kusomea shahada ya uzamili, masomo yanahusu nini, na mambo ambayo mwombaji anapaswa kuyathibitisha kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Kazi yenyewe ni ipi?

Tiba ya ndoa na familia ni tawi la ushauri nasaha ambalo huuangalia uhusiano kabla ya kumwangalia mtu mmoja. Chukua mfano wa mtoto wa Gredi ya 6 anayekataa kwenda shule. Mshauri wa kawaida huenda akaketi na mtoto peke yake. Mtaalamu wa familia atauliza pia nani wanaishi katika nyumba hiyo, mama aliondoka lini kwenda kufanya kazi Saudi Arabia, nani anaamua matumizi ya pesa anazotuma, na bibi anasema nini baba akiwa hayupo. Mara nyingi tatizo la mtoto ni moshi tu, na moto uko kwingine.

Mtazamo huu ulikua zaidi nchini Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Virginia Satir alichapisha kitabu chake kuhusu tiba ya familia nzima mwaka 1964, naye Salvador Minuchin akachapisha chake mwaka 1974, akieleza jinsi mipaka kati ya wazazi na watoto inavyoshikilia nyumba au kuiyumbisha. Murray Bowen alifundisha kwamba mivutano hurithiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Wanafunzi wa leo bado hujifunza kuchora ukoo wa mteja kwa vizazi visivyopungua vitatu, wakionyesha ndoa, talaka, vifo, magonjwa na ugomvi.

Hata hivyo, nadharia hizo zilizaliwa katika jamii ambako familia mara nyingi huhesabiwa kuwa mume, mke na watoto wao. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na ndoa za kimila na za Kiislamu zinaweza kuwa za wake zaidi ya mmoja. Mawifi, mashemeji, wazee wa ukoo na mahari vyote huingia katika mazungumzo. Kozi nzuri humfundisha mwanafunzi kufanya kazi na familia aliyonayo mbele yake, si ile iliyo kitabuni.

Mtaalamu huyu hachukui nafasi ya wazee, kanisa, msikiti au Kadhi. Wazee husuluhisha na mahakama huamua. Mtaalamu wa tiba hatoi hukumu. Kazi yake ni kuwasaidia wahusika waone wanavyofanyiana, kisha waamue wenyewe.

Nani hukubaliwa?

Kwa kawaida mwombaji wa shahada ya uzamili anahitaji shahada ya kwanza kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa. Vyuo vingi huomba daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili. Saikolojia, ushauri nasaha, sosholojia, kazi za ustawi wa jamii, elimu, uuguzi na theolojia huchukuliwa kuwa misingi ya karibu. Mwenye shahada ya mbali zaidi, kama vile uhasibu, anaweza kutakiwa kusoma kwanza masomo machache ya msingi ya saikolojia.

Mwenye stashahada pekee hawezi kuruka hadi uzamili. Njia yake ni kusoma shahada ya kwanza, na baadhi ya vyuo humhesabia masomo aliyokwisha kufanya ili asirudie yote. Aliyesomea nje ya nchi aulize mapema jinsi shahada yake inavyotambuliwa rasmi nchini, kwa sababu shughuli hiyo inaweza kumchelewesha apitwe na muhula.

Stakabadhi zinazoombwa mara nyingi ni vyeti na matokeo ya masomo, nakala ya kitambulisho, wasifu wa kazi, barua za mapendekezo na maelezo ya mwombaji kuhusu sababu za kuchagua fani hii. Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, hivyo matayarisho yaanze miezi kadhaa kabla.

Barua ya maelezo na mahojiano ndiyo hatua ambayo waombaji wengi huichukulia kwa wepesi. "Napenda kusaidia watu" haitoshi, kwa kuwa kila mwombaji anaweza kusema hivyo. Jopo hutaka kujua kama mtu anaweza kuketi kati ya watu wawili wanaolaumiana bila kumwegemea mmoja. Hutaka kujua pia kama anaweza kumsikiliza mteja ambaye imani, kabila au maisha yake ni tofauti na yake mwenyewe. Mwalimu aliyewahi kuzungumza na wazazi waliotengana kuhusu mtoto wao aeleze alifanya nini, nini kilimshinda, na angependa kujifunza nini.

Mtu aliyepitia talaka au aliyelelewa katika nyumba yenye vurugu hafungiwi mlango. Huenda uzoefu huo ukamfaa. Swali ni kama jeraha limepona kiasi cha kutolitonesha kila mteja anapofanana na mtu wa nyumbani kwake. Ndiyo sababu baadhi ya kozi humtaka mwanafunzi naye apokee ushauri nasaha wakati wa masomo.

Masomo yanahusu nini?

Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua takriban miaka miwili kwa anayesoma bila kukatiza. Darasani mwanafunzi hupitia nadharia za familia, makuzi ya binadamu, afya ya akili, ulevi na uraibu, tendo la ndoa na matatizo yake, maadili ya kazi na mbinu za utafiti. Anatakiwa pia kuzijua sheria zinazogusa wateja wake, zikiwemo Sheria ya Ndoa ya 2014, Sheria ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022.

Moyo wa mafunzo, hata hivyo, ni mazoezi. Mwanafunzi huona wateja halisi hospitalini, shuleni au katika kituo cha ushauri, kisha hupeleka kazi yake kwa msimamizi mwenye ujuzi. Msimamizi humwuliza kwa nini alinyamaza mke alipolia, au kwa nini swali lake lilielekezwa kwa mume pekee. Bila usimamizi huo mwanafunzi anaweza kurudia kosa lile lile kwa familia 20 asijue kuwa ni kosa.

Mfano mmoja unaonyesha uzito wa jambo hili. Wanandoa wakija pamoja, na mmoja anapigwa nyumbani, kuwaketisha na kumtaka aliyepigwa aseme yote mbele ya mwenzake kunaweza kumletea kipigo kingine usiku huo. Mtaalamu aliyefunzwa huzungumza na kila mmoja peke yake kwanza, hupima hatari, na usalama ukiwa mashakani huacha kazi ya kupatanisha. Si kila ndoa inayofaa kuwekwa meza moja.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya utafiti hupitia kamati ya maadili na kupata leseni ya utafiti kutoka NACOSTI kabla ya kuanza kukusanya data. Wanafunzi wengi hukwama hapa, wakimaliza masomo ya darasani na kubaki na tasnifu kwa miaka. Anayesoma huku akifanya kazi apange muda wake akilijua hilo.

Idhini na usajili

Hapa ndipo mwombaji anapaswa kuwa makini zaidi, maana kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni idhini ya kozi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayosimamia ubora wa masomo ya vyuo vikuu nchini. Chuo kuwa na jina kubwa hakumaanishi kwamba kila kozi inayotangazwa imeidhinishwa.

La pili ni usajili wa mtu. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda bodi ya kusimamia mafunzo, usajili, leseni na viwango vya kazi hii. Cheti cha semina ya wikendi, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu, si leseni. Shahada pia si leseni. Ni hatua ya kuielekea.

Majina ya kozi nayo hutofautiana. Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian jijini Nairobi hufundisha tiba ya ndoa na familia kwa jina hilo hilo, katika ngazi ya uzamili na uzamifu. Vyuo kama Kenyatta, Daystar na USIU-Africa vina shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha, fani iliyo pana zaidi. Anayechagua kozi pana aulize ni masomo mangapi yanahusu ndoa na familia, na kama mazoezi yake yanaweza kufanywa na familia.

Mwenye ndoto ya kufanya kazi ng'ambo ajue kwamba leseni haivuki mipaka yenyewe. Jimbo la California nchini Marekani, kwa mfano, hudai saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi kabla ya leseni, pamoja na mitihani. Masharti ya nchi anayoilenga asome kabla ya kuchagua chuo.

Gharama

Karo iliyo kwenye tangazo huwa si gharama yote. Mwombaji aombe jumla ya maandishi inayoonyesha karo, ada za usajili na maktaba, malipo ya msimamizi, ushauri nasaha wa mwanafunzi mwenyewe, nauli ya kwenda kwenye mazoezi, gharama za utafiti na ada ya mahafali. HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili pia, na mkopo hulipwa. Anayetarajia basari aulize ofisi ya wadi kama uzamili umejumuishwa kabla ya kuitegemea.

Shahada hii haiahidi ajira. Wahitimu hufanya kazi hospitalini, shuleni, katika mashirika ya kijamii, katika taasisi za dini au katika ofisi zao wenyewe. Ni busara kuuliza wahitimu wa kozi hiyo wako wapi leo.

Maswali ya kukiuliza chuo kabla ya kulipa

1. Je, kozi hii imeidhinishwa na CUE? Jibu lithibitishwe na Tume yenyewe.
2. Je, mhitimu anastahili kuomba usajili chini ya Sheria ya 2014? Bodi nayo iulizwe.
3. Saa za mazoezi ni ngapi, na ngapi kati yake ni za wanandoa na familia?
4. Nani hutafuta mahali pa mazoezi, chuo au mwanafunzi? Je, panaweza kuwa ndani ya kaunti anakoishi?
5. Wasimamizi ni nani, wamesajiliwa, na kila mmoja ana wanafunzi wangapi?
6. Wanafunzi walioanza pamoja miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu?

Chuo kinachoendesha kozi yake vizuri hakitakerwa na maswali haya. Kikisitasita kujibu, mwombaji ashike pesa zake na aulize kwingine.

Kwa wanaohitaji msaada sasa

Mkazi anayekwenda kwa mshauri wa ndoa ana haki ya kumwuliza alisomea wapi na kama amesajiliwa, kabla ya kueleza siri za nyumba yake. Penye dhuluma ya kijinsia, nambari ya bila malipo ni 1195. Kwa mtoto aliye hatarini ni 116. Aliyejeruhiwa afike hospitali iliyo karibu mara moja, kisha aripoti katika kituo cha polisi.